Metali na Asidi Nyumbani: Mwongozo wa Kuzikutanisha na Kuzitenga

Ni shida kuipata nyumba ya pwani isiyokuwa na asidi na metali chini ya dari moja. Siki imo kabatini, ndimu zimo kikapuni, ukwaju umo katika mkebe wake, na kando yake vimepangwa visu, vijiko, sufuria, midila na masinia. Na ikiwa mwenye nyumba ana gari, au amefunga taa za nguvu ya jua, basi tindikali iliyo kali kuliko asidi zote za jikoni imetulia ndani ya betri nyuma ya mlango wake. Vitu hivi hukutana kila siku, mara kwa kusudi, kama pale sinia la shaba linaposuguliwa kwa ukwaju likang'ara, na mara kwa kusahau, kama pale mchuzi wa nyanya unapolala ndani ya sufuria mpaka alfajiri. Makutano hayo yana kanuni zake, na anayezijua huyatumia yenye manufaa na kuyaepuka yenye madhara. Ama asiyezijua hutupa vyombo kabla ya wakati wake, na pengine huidhuru afya ya jamaa zake bila kufahamu maradhi yametoka wapi. Jambo la kwanza, ambalo mengine yote yanalitegemea, ni kwamba asidi haizitendei metali zote kwa namna moja, kwa hiyo sharti ujue kwanza ni metali gani uliyo nayo mkononi.

Kila asidi ina chembe za haidrojeni zilizo tayari kuachana nayo. Metali iliyo hodari kuliko haidrojeni, ikitumbukizwa humo, huzipa chembe hizo elektroni zake, yaani vijichembe vya umeme, na yenyewe huyeyuka kidogo kidogo ikawa chumvi ndani ya maji, ilhali haidrojeni, ikiwa imekwisha ondolewa mahali pake, hukusanyika kwa viputo, ikapanda juu na kwenda zake hewani. Mwingereza Henry Cavendish aliieleza hewa hiyo kwa taratibu mwaka 1766, baada ya kuipata kwa kutia zinki, chuma na bati katika tindikali, akabainisha kwamba inawaka na kwamba ni nyepesi mno. Leo twajua kuwa hewa ya kawaida ni nzito kuliko hiyo kiasi cha mara 14. Wala usiidharau kwa wepesi wake, maana gramu 65 tu za zinki, ambazo ni kipande kidogo cha kufumbata mkononi, zikiyeyuka zote hutoa kadiri ya lita 24 za haidrojeni katika joto la chumbani, nayo ikifungiwa ndani ya chupa iliyozibwa haina njia ila kuipasua.

Uhodari huo una daraja, na wanafunzi wa shule huikariri: potasiamu, sodiamu, kalsiamu, magnesiamu, alumini, zinki, chuma, bati, risasi, kisha hukaa haidrojeni yenyewe, na chini yake shaba, fedha na dhahabu. (Bati ninalolitaja hapa ni bati halisi, si mabati ya kuezekea, ambayo ni chuma kilichovikwa zinki.) Zile mbili za kwanza hazingojei hata asidi, kwa kuwa maji matupu huziwasha moto, na kwa bahati njema hazikai majumbani mwetu. Zilizo juu ya haidrojeni huliwa na asidi, kwa haraka au kwa pole kadiri ya daraja yake. Zilizo chini yake husimama imara, isipokuwa zikichokozwa na kitu kingine. Aliyeihifadhi daraja hii ameipata nusu ya maarifa anayoyahitaji, na nusu iliyobaki ni kuyajua mambo yanayoivuruga, ambayo ni mengi kuliko vile vitabu vya shule vinavyokiri.

Kabla ya hayo, ni heri uone kwa macho yako. Chukua bilauri tatu za kioo, utie katika kila moja siki nyeupe ya dukani, ambayo aghalabu ina sehemu 5 za asidi katika 100. Katika ya kwanza tumbukiza msumari wa bati, ule wenye kofia pana uliovikwa zinki. Katika ya pili msumari wa mbao uliosuguliwa kwa msasa mpaka ukang'ara. Na katika ya tatu kipande cha waya wa umeme wa shaba kilichomenywa ganda lake. Weka bilauri mahali penye upepo, mbali na moto, usizifunike. Baada ya dakika chache utaona viputo vidogo mno vikiuvaa msumari wa bati, vikibanduka kimoja kimoja na kupanda. Msumari wa chuma nao utafanya vivyo hivyo, ila kwa uvivu zaidi. Na waya wa shaba utakaa kimya kana kwamba umetiwa katika maji ya kunywa. Ukiipasha siki moto kidogo kabla ya kuanza, viputo vitaharakisha. Ukiziacha bilauri mpaka kesho, zinki itakuwa imefifia na kuparara, na siki iliyozamisha chuma, kwa kupata hewa, itaanza kugeuka rangi ikielekea ukahawia.

Sasa fanya jambo moja zaidi, ambalo mimi naliona ndilo zuri kuliko yote katika mlango huu wa ilimu. Utoe waya wa shaba katika siki yake, uuzungushe barabara juu ya msumari mpya wa bati, kisha uvitumbukize vyote viwili pamoja. Tazama kwa makini, ikiwezekana kwa kioo cha kukuza: viputo sasa vyatoka juu ya shaba, ile ile iliyokuwa haina habari na asidi. Je, shaba imebadili tabia? Hasha. Inayoliwa ni zinki peke yake, na shaba haikupungua hata chembe; ila elektroni za zinki, zikiisha kupata daraja la kuvukia mahali metali hizi mbili zinapogusana, huhamia kwenye shaba, na huko ndiko haidrojeni huzipokea. Na kwa kuwa njia imepanuka, zinki huliwa upesi kuliko ilipokuwa pweke. Juu ya msingi wa metali mbili na majimaji kati yake, Mwitaliani Alessandro Volta alijenga mrundikano wake wa visahani uliotoa umeme, akautangaza mwaka 1800, na betri zetu zote zimezaliwa humo.

Faida yake jikoni ni hii: metali mbili mbalimbali zikigusana mahali penye asidi na chumvi, iliyo juu katika daraja ndiyo itakayolipa gharama. Mtu akipanga samaki waliopakwa ndimu na chumvi katika sinia la chuma kisichoshika kutu, akawafunika kwa karatasi ya alumini ikagusa samaki na ukingo wa sinia, huenda akaamka na kuikuta karatasi ina matundu kana kwamba imetobolewa kwa sindano, na vijidoa vya kijivu juu ya chakula chini ya kila tundu. Dawa ni kufunika kwa kawa au sahani. Kadhalika usinunue chombo cha alumini chenye bomba la shaba ukakusudia kutilia maji ya maembe au ya ukwaju, kwa sababu pale bomba lilipoungwa ndipo kitakapoanza kutoboka.

Tumekwisha kuitaja alumini, nayo inastahili kitambo chake, kwa kuwa ndiyo metali ya sufuria nyingi za Afrika Mashariki na ndiyo yenye tabia ya kumchanganya mtu. Kwa daraja iko juu ya zinki na juu ya chuma, na mwenye kufuata daraja tu angedhani kwamba sufuria ingeyeyuka kwa mchuzi wa kwanza wa ndimu. Haiyeyuki, maana alumini ikikutana na hewa hujivika mara moja utando wa oksaidi, mwembamba hata jicho haliuoni, lakini mgumu na ulioshikamana nayo, na ukikwaruzwa hujirudisha papo hapo. Asidi ya jikoni huupunguza utando huo pole pole. Ndiyo sababu sufuria iliyosawijika ndani kwa kuchemshiwa maji siku nyingi hutakata ikichemshiwa maji yenye vipande vya ndimu: weusi ule umo katika utando, na asidi imeuondoa. Basi kupika mchuzi wa nyanya au wa ukwaju katika sufuria ya alumini na kuupakua ukiwa tayari si neno. La kuhadhari ni kuulaza humo, hususan ukiwa na chumvi nyingi, kwa sababu chumvi hupenya utando na kuchimba vishimo visivyotengenezeka tena, na ladha ya chakula huingia uchuma. Urojo, achari na mchuzi wa embe mbichi vilazwe katika chungu, kauri au kioo. Fauka ya hayo, usidhani kwamba kinyume cha asidi ni salama kwa alumini: magadi nayo huula utando ule ule, na sufuria inayochemshiwa maharage kwa magadi huwa nyeusi upesi.

Shaba ni kisa kingine. Iko chini ya haidrojeni, hivyo asidi ya ndimu haina uwezo wa kuila shaba safi peke yake. Lakini kile kinachoifanya shaba isawijike, yaani oksaidi iliyojikusanya juu yake, huyeyuka katika asidi kwa wepesi. Hapa ndipo ulipo ustadi wa bibi zetu, ambao kwa nusu ya ndimu iliyochovywa chumvi, au kwa tonge la ukwaju, huondoa uchafu bila kuondoa shaba. Ukifanya hivyo, sugua kwa dakika chache, usuuze mara moja kwa maji mengi, na ukaushe kwa kitambaa mpaka pasiwe na unyevu hata kwenye nakshi. Kukausha ndiko kunakosahauliwa, na ndiko kwenye maana zaidi, kwa sababu asidi ikibaki juu ya shaba pamoja na hewa, oksijeni hufanya kazi ambayo asidi peke yake haikuiweza, na baada ya siku mbili tatu kutu ya kijani huota. Kutu hiyo ni sumu. Shaba ya manjano nayo, ambayo ni shaba iliyochanganywa na zinki, isirowekwe katika siki usiku kucha, kwa kuwa asidi huichomoa zinki na kuacha mabaka mekundu yaliyo dhaifu. Na katika vifundo vya milango ya Zanzibar tumia kitambaa kilicholowa kidogo tu, majimaji yasichuruzike kwenye mbao.

Ama vyombo vya shaba vya kupikia na kuchemshia kahawa, vile vyema vimevikwa bati halisi ndani, na wajibu wa bati hilo ni kuitenga shaba na chakula. Usilisugue kwa mchanga wala kwa steliwaya. Siku utakayouona wekundu wa shaba ukichungulia ndani ya mdila, acha kuutumia mpaka fundi autie bati upya, na umwambie wazi kwamba unataka bati lisilochanganywa na risasi. Na hata ukiwa mzima, mdila ni wa kahawa, si wa maji ya ndimu.

Katika makutano yote ya nyumbani, linalonitia hofu kuliko mengine ni la ndoo ya bati. Ndoo hiyo ni ya chuma kilichovikwa zinki, nayo ni chombo chema kwa maji ya kuoga na ya kufulia; lakini penye arusi au hitima, palipo na wageni wengi na vyombo vichache, huja mtu mwenye nia njema akakorogea humo maji ya ndimu, ya ukwaju au ya ubuyu, akayaacha tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Kwa saa hizo zinki huingia katika kinywaji kimya kimya, na wanywaji hushikwa na kichefuchefu, tumbo na kutapika, tena kwa ghafula na wengi kwa pamoja, wakalaumiwa wapishi wa pilau wasio na hatia. Tumia ndoo ya plastiki iliyotengenezwa kwa chakula, au pipa la chuma kisichoshika kutu, na hili la pili lioshwe siku ile ile. Maana chuma hicho hulindwa na utando unaotokana na kromi, ambayo haipungui sehemu 10 na nusu katika 100, na ndimu yenye chumvi ikilala humo mara kwa mara huutoboa utando wenyewe.

Chuma cha kawaida hakina ulinzi huo. Kisu cha chuma hushika weusi kwa kumenyea embe mbichi au ndizi, na hakina dawa ila kukifuta mara tu ulipomaliza. Lakini wepesi huo wa kuliwa una manufaa, kwa sababu kutu huyeyuka katika siki. Ukiwa na panga, mbuzi ya nazi au kitasa kilichoota kutu, kizamishe katika siki usiku mmoja, ukitoe, ukisugue kwa brashi, ukioshe katika maji yaliyotiwa kijiko cha magadi soda ili asidi iliyobaki ife, ukikaushe juani au jikoni, na ukipake mafuta papo hapo, maana chuma kilichovuliwa kutu huota nyingine ndani ya saa moja. Usikiache siku tatu kwa tamaa ya usafi. Asidi ikimaliza kutu haijui mahali pa kukomea.

Mafundi wanaolehemu mabati wana matumizi yao ya kanuni hii, nayo yapendeza kuyatazama kwa mbali. Fundi hukata vipande vya zinki, akavitia katika tindikali ya haidrokloriki ndani ya chupa pana isiyofunikwa, nje ya banda. Tindikali huchemka na kutoa mvuke, naye huzidi kuongeza vipande mpaka viputo vikome na zinki ibaki chini bila ya kuliwa. Hapo tindikali imekwisha nguvu, na kilichobaki ni chumvi ya zinki, ambayo ikipakwa juu ya bati husafisha uso wake lehemu ikashika. Ukimwagiza fundi akutengenezee chombo, muulize kama lehemu yake ina risasi. Ikiwa inayo, chombo kile ni cha mafuta ya taa au cha mchanga, wala kisitiwe chakula, kwa kuwa asidi ya chakula huiyeyusha risasi, na risasi hujilimbika mwilini, hasa mwilini mwa watoto.

Risasi hiyo hiyo, ikikutana na tindikali ya salfuriki, husimama. Ajabu hii inatokana na chumvi yake isiyoyeyuka, ambayo hujitandaza juu yake na kuifunika. Na kwa sababu hiyo John Roebuck, mwaka 1746 huko Birmingham, alijenga vyumba vya risasi vya kutengenezea tindikali hiyo, na ndiyo sababu pia sahani za risasi hudumu katika betri. Tindikali ya salfuriki iliyo kali sana husafirishwa hata katika matangi ya chuma, ilhali ikizimuliwa kwa maji hulila tangi lile lile. Basi usikisie ya kwamba asidi iliyozimuliwa ni salama kwa metali kuliko iliyo nzito.

Kuhusu dhahabu sitasema mengi, kwa kuwa kazi yake ni ya sonara. Yeye husugua pete juu ya jiwe jeusi ikaacha mstari, akaudondoshea tindikali ya naitriki. Mstari wa shaba ya manjano hutoweka kwa rangi ya kijani, na mstari wa dhahabu njema hubaki. Usilijaribu hili nyumbani, kwani tindikali hiyo ikiila shaba hutoa moshi wa kahawia unaodhuru mapafu. Iyeyushayo dhahabu ni mchanganyiko wa sehemu 3 za haidrokloriki na 1 ya naitriki. Kwa mchanganyiko huo George de Hevesy, majeshi ya Ujerumani yalipoingia Copenhagen mwaka 1940, aliziyeyusha nishani za Nobel za Max von Laue na James Franck ili zisinyang'anywe, akaiacha chupa rafuni, na baada ya vita dhahabu ikarudishwa kutoka katika maji yake na nishani zikafuliwa upya.

Imebaki betri. Inapotiwa moto hutoa haidrojeni, ambayo hulipuka ikifika sehemu 4 katika 100 za hewa, kwa hiyo iwekwe penye madirisha, pasiwashwe kiberiti wala sigara. Unga mweupe au wa samawati unaoota kwenye vichwa vyake uoshe kwa maji ya vuguvugu yenye magadi soda, ukiisha kufungua nyaya, ule wa hasi kwanza, na vifuniko vya betri vikiwa vimekazwa. Povu litakalotoka ni la hewa ya kaboni, halina hatari ya moto. Fundi anapozimua tindikali hutia tindikali ndani ya maji, kidogo kidogo huku akikoroga, wala hatii maji ndani ya tindikali, kwa maana joto lake huyachemsha maji ghafula yakamrukia usoni. Ikikurukia, vua nguo iliyolowa, ukimiminie kiungo maji safi yatiririkayo kwa dakika 20 bila kukisugua, na ikiwa ni jicho fanya vivyo hivyo ukiwa umelifumbua, kisha nenda hospitali hata kama maumivu yametulia. Siki na ndimu usizichanganye kamwe na dawa ya maji ya kung'arisha nguo nyeupe, maana hutoa hewa ya klorini. Na ile siki ya bilauri tatu, iliyokwisha kula zinki na chuma, itie magadi soda mpaka povu likome, uizimue kwa maji mengi na kuimwaga chooni, wala usiimwage kisimani au kwenye bustani ya mboga.